Shangazi Aaga Chumba cha Leza

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, fundi mkuu wa picha katika maabara yetu anastaafu rasmi tarehe thelathini Juni. Sote tuliokusanyika hapa kumuaga humwita Shangazi. Jina hilo limemganda kiasi kwamba hata mumewe, akija kumchukua jioni, huuliza langoni kama Shangazi ameshatoka.

Alianza kazi kwenye mabanda ya panya, akibadilisha maranda na chupa za maji. Enzi hizo, ukitaka kuona mishipa ya damu inavyokua mwilini mwa panya, ilibidi umuue na kumpasua. Shangazi hakuizoea kazi hiyo hata siku moja. Ilipoletwa mashine ya leza, aliipokea kwa mikono miwili. Mashine hiyo humulika ngozi. Damu hupokea mwanga, hupata joto kidogo na kutoa mlio usiosikika kwa sikio. Kutokana na mlio huo kompyuta huchora mishipa, na panya, aliyelazwa kwa dawa ya usingizi, huamka akiwa mzima.

Kuitumia ilikuwa shughuli pevu. Unywele mmoja uliosahaulika mgongoni mwa panya aliyenyolewa hushika viputo vya hewa na kuharibu picha; maji anamolazwa yakipoa, mishipa hunywea. Shangazi aliyapima maji kwa kiwiko, kama anayemwogesha mtoto mchanga, ndipo akakiamini kipimajoto.

Kisha wakaja wakaguzi, kuamua kama mashine ibaki au turudi kwenye visu. Asubuhi hiyo tulikuwa tukishangilia mshipa mpya kwenye picha, mnene, ulionyooka. Shangazi aliutazama, akaenda kumkagua panya: ilikuwa alama ya kalamu aliyoichora mwenyewe ili asimchanganye na mwenzake. Wino nao hupokea mwanga. Wapo waliomnong'oneza anyamaze hadi wageni waondoke. Majina tunayahifadhi, kwani wamo humu ukumbini. Alikataa katakata. Aliwaambia wakaguzi kosa ni lake, akaufuta wino kwa pamba, akapiga picha upya wakiwa wamesimama. Mshipa wetu wa fahari ukatoweka, na vijishipa vyembamba vilivyofichwa na wino vikajitokeza kimoja kimoja. Mashine ikabaki. Tangu siku hiyo, hatujampasua panya hata mmoja ili tuone mishipa yake.

Shangazi, tunajivunia wewe, na tunakushukuru kutoka moyoni. Nenda ukawafaidi wajukuu, ulale mpaka jua lichomoze, uwe na afya na furaha tele. Jana, kazi yako ya mwisho ilipokwisha, ulikaa kando ya panya hadi akazinduka na kuanza kula. Ndipo ukavua koti.