Onyo Lililonipeleka Mstari Usio na Kosa

Kama fonksyoni, kile kipande cha programu, niliiandika mwenyewe, na inarudisha anwani ya mahali kwenye kumbukumbu ya mashine, kwa nini kompyuta inaniambia inarudisha namba? Swali hilo lilinishinda.

Ndugu zangu vijana wa parokia, mnanijua: padri akisema mvua inakuja, ninatoka kwanza kuangalia mawingu. Lakini mwaka ule wa mémoire, kazi ya kumaliza chuo, niliamini nilichoambiwa. Niliandika kwa lugha ya C programu ya kusoma kiwango cha maji katika tangi la kisima chetu cha mtaa wa Hewa Bora. Kompaila, inayogeuza maandishi yetu yawe kazi ya mashine, ikatoa onyo moja na kutaja mstari nilipoiita fonksyoni ile. Sasa, msaidizi wa profesa hakupokea kazi yenye onyo. Wanafunzi tulikuwa na dawa yetu: unaongeza alama ya kuilazimisha kompaila ikubali.

Mwanafunzi mwenzangu akaniambia: "Weka alama, yaya. Inanyamaza, tunaenda!"

Nikaweka. Msaidizi akafurahi kuiona safi: "Voilà, iko propre!"

Kwenye mashine kuukuu za fakiltee yetu chuoni programu ilifanya kazi. Mbele ya jury, jopo la walimu wa kutahini, kwenye kompyuta mpya, ilianguka kabla ya kusoma hata tone.

Mkubwa wa jury akasema: "Mademoiselle, utarudi sesheni ya pili ya mitihani. Ukianguka tena, ni kurudia mwaka."

Nawaambia, nililia. Kisha nikakasirika, nikaifuta ile alama. Onyo likarudi. Rafiki yangu, yuko hapa anacheka, akavuta kiti.

"Iko nasema namba. Nani aliiambia ni namba?"

"Hakuna muntu!"

"Basi iko nabahatisha."

Nikafungua mafaili yangu. Fonksyoni ilikuwa kwenye faili jingine, na huku sikuandika popote mstari wa kutangaza kwamba inarudisha anwani. Kompaila, kwa kutojua, ilidhani ni namba, na anwani ikakatwa nusu. Mashine kuukuu zilivumilia, kwa kuwa kwazo anwani na namba zina upana mmoja. Mstari uliotajwa haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa mstari ambao haukuwepo! Nikauandika. Sesheni ya pili, jury ile ile iliona maji yakisomwa.

Wewe uliyevuta kiti, aksanti. Mama, hukuniuliza kitu, ulipika tu, aksanti. Ninyi mlioniombea, bado nina maswali yangu, lakini aksanti. Msinyamazishe onyo kabla ya kujua limetoka wapi, wala msichimbe tu pale linapoelekeza kidole.

Baadaye sana, nikiwa kazini, nilijifunza kwamba kompaila mpya hazitoi tena onyo kwa kosa lile. Zinakataa programu nzima.