Kasuku wa Nyumba ya Wazee

Mwaka 1954 nilipanda lori la kwenda Tunduma, nikakaa juu ya magunia ya kahawa. Kando yangu aliketi mama mmoja aliyejitambulisha kuwa Nesta, amepakata tundu lililofunikwa kanga. Abiria mwingine, Bwana Anania wa kijiji cha Itaka, aliyekuwa mbele yake, akamuuliza kama ni kuku.

"Ni kasuku," alijibu. "Nafua nguo kwenye nyumba ya wazee ya misheni. Wamemweka barazani awachangamshe wazee, lakini maji yake hubadilishwa mtu akikumbuka. Amejinyonyoa kifua chote. Nimemwambia sista mara tatu, na leo nimemchukua. Dada yangu Tunduma atamtunza."

Akafunua kanga kidogo. Nimeona kuku wa sikukuu waliobaki na manyoya mengi kuliko yule.

Anania aliinama akamtazama ndege. "Mama, wazee umewauliza?"

"Wangeniambia nini?"

"Kaka yangu Yonasi yumo mle. Haoni. Nikienda kumtembelea, habari zake zote ni za ndege huyu. Kila asubuhi kaka humsalimia kwa Kinyiha, naye ndege humjibu."

"Mzee Yonasi namjua," Nesta alisema taratibu. "Humgawia ugali wake. Lakini baba, ndege naye anaumia."

"Anaumia, nimeona. Na kaka yangu?"

Nesta alilifunika tena tundu kwa kanga. Lori liliposimama Tunduma tukaanza kushuka, na Anania akanyoosha mikono ampokee tundu. Nesta alilikumbatia, akabaki ameketi, akamuuliza dereva lori litarudi tulikotoka saa ngapi.