Historia ya Marehemu Bwana Chati na Wiki Zake Kumi na Tisa

Ndugu wafiwa, majirani, na ninyi waheshimiwa wa Chama cha Wauza Muziki mliokalia viti vya mbele ambavyo tulivitenga kwa ajili ya wagonjwa, mimi ni mpwa wa marehemu, mtoto wa dada yake wa pekee, na familia imenituma nisome historia yake kwa kuwa mimi ndiye niliyesomea takwimu chuo kikuu na, kama Mwenyekiti wa Chama alivyonikumbusha pale mlangoni, sina kazi nyingine ya kufanya. Mwenyekiti amenikabidhi ukurasa mmoja uliochapwa vizuri, una nembo, una neno "mwanzilishi" mara sita, nami namshukuru, nimeutumia kujipepea, humu ndani kuna joto. Hii nitakayosoma aliitamka marehemu mwenyewe, mimi nikaandika, akatia sahihi, na ndani yake limo sahihisho moja kuhusu nafasi ya kwanza ya mwaka 1986, ambalo Mwenyekiti ameniomba mara mbili niliruke, akisema, "Binti, leo si siku ya hesabu, tumzike mzee kwa heshima." With all due respect, Mwenyekiti, which is not much, nitalisoma, kwa sababu mwenye haki na nafasi hiyo yumo humu ndani, na yuko hai.

Marehemu, ambaye nusu yenu mmemjua kwa jina la Bwana Chati tu, alizaliwa tarehe 8 Machi 1949, katika chumba cha pili cha nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni, mtoto wa kwanza wa mpakia sabuni na mkewe, na miaka sita baadaye, mwaka 1955, katika chumba hichohicho, akazaliwa mdogo wake wa kike, ambaye ndiye mama yangu, wazazi wakaona wawili wanatosha. Alianza shule ya msingi mwaka 1957, akaingia sekondari 1965, akamaliza kidato cha nne 1968 akiwa na alama ya juu kabisa katika hesabu na ya chini kabisa katika muziki, mwalimu akimwandikia kwenye ripoti kwamba sauti yake inafaa kuitia majina ya wanafunzi asubuhi basi. Yaani mtu huyo, ambaye hakuweza kushika hata wimbo wa kubembeleza mtoto, ndiye aliyekuja kuiambia nchi nzima inapenda kusikiliza nini.

Tarehe 1 Februari 1970 aliajiriwa kuwa karani wa ghala katika kiwanda cha santuri, akapewa meza kando ya mlango wa mbele, kiti kisicho na mgongo, na penseli iliyofungwa kwa uzi isiibwe. Mwaka 1977 Chama kikatamani nacho kuwa na orodha ya taifa ya albamu zinazouzwa zaidi, na kwa kuwa hakuna mwanachama aliyekuwa tayari kuhesabu chochote, kazi akatupiwa yeye. Kila Ijumaa alipiga simu maduka saba, taifa likiwa na maana ya maduka saba, manne kati yake yakiwa mtaa mmoja na moja likiwa la fundi baiskeli aliyepanga santuri katikati ya matairi, na kila mwenye duka, akiulizwa kinachouzwa sana, aligeuka kutazama rafu na kutaja kilichomdodea, ili kitoke. So orodha ya kwanza ya taifa, iliyosomwa redioni Jumamosi tarehe 4 Juni 1977, saa nne asubuhi, ilikuwa orodha ya albamu kumi zilizokosa wanunuzi, na taifa, Mungu alisaidie, likasikiliza, likaamini, likaenda kuzinunua.

Tarehe 15 Desemba 1979 alifunga ndoa na mpiga chapa wa ofisi ya kiwanda, mjane wetu huyu aliyeketi kando ya jeneza, wakajaliwa watoto wawili, mmoja fundi majokofu, mwingine mwalimu, na mjane mwenyewe alipenda kutuambia, "Mimi niliolewa na orodha, wanangu, mjomba wenu alikuja nayo kama begi."

Mwaka 1980, kaseti zilipoanza kuzifukuza santuri, marehemu aliacha simu, akaanza kuhesabu masanduku yanayotoka ghalani, kaseti hamsini kila sanduku, mstari mmoja kila sanduku, na Chama kikampongeza kwa kuleta sayansi. Sayansi yenyewe ilikuwa na mlango mmoja. Sanduku likitoka mlango wa mbele lilihesabiwa kuwa limeuzwa, na likikataliwa madukani lilirudi kwa mlango wa nyuma, ambako hapakuwa na karani, palikuwa na mlinzi na daftari lake la geti, kisha wiki iliyofuata sanduku lilelile likatoka tena mbele na kuandikwa upya, limeuzwa, hongera. Data ya namna hii ningeipeleka darasani, wangenirudisha nyumbani na begi langu.

Sasa tuje mwaka 1986. Yule msanii mnayemwita Mfalme wa Mauzo, huyo hapo mbele, amekuja na medali shingoni, msibani, jamani, medali, alitoa albamu iliyokaa nafasi ya kwanza wiki kumi na tisa mfululizo. Dereva wa lori la kiwanda, yupo pale nyuma karibu na dirisha, alikuwa ameshayazoea masanduku hayo kwa sura, akimwambia marehemu, "Bwana Chati, hili lenye kona iliyochanika nimelibeba mara ya tisa, siku hizi likiniona linapanda lenyewe," na marehemu akacheka, akachora mstari wa tisa.

Nafasi ya pili, wiki zote hizo kumi na tisa, ilikuwa ya albamu ya mama yangu, ambaye wakati huo alikuwa mwimbaji. Masanduku yake yalitoka na hayakurudi, lakini kiwanda kilikuwa na mtambo mmoja wa kunakili kaseti, na kanuni yake ni kwamba namba moja anapewa mtambo siku nne za wiki, wengine wote wanagombania siku moja iliyobaki, kwa hiyo vimasanduku vyake ishirini vilikwisha madukani kabla ya adhuhuri, na wateja waliomtaka wakaambiwa wasubiri namba moja ashuke. Namba moja angeshukaje, naye anazungushwa kama pangaboi? Aliposhuka hatimaye, watu walishachoka kuulizia, mkataba wa albamu ya pili ukaenda kwa Mfalme, na Mama akakaa kwenye cherehani kushona sare za shule, na amekaa hapo hadi wiki iliyopita. Nilipokuwa mtoto nikimuuliza kwa nini haimbi tena, alinijibu bila kuinua macho, "Watu walichagua, mwanangu, na hawakunichagua mimi."

Marehemu alijua. Wiki ya tano ghala lilijaa hadi meza yake ikahamishiwa barazani, limejaa kaseti za mtu anayeuza kuliko wote nchini, imagine, naye si mjinga, akaenda mlango wa nyuma, akasoma daftari la mlinzi, akapiga hesabu kichwani, akarudi barazani akaendelea kuchora mistari. Nilipomuuliza sababu, alisema, "Wangesema nimempendelea dada yangu." Ndiyo hivyo, ili asionekane amempendelea, alimzika akiwa hai, na mwaka 1991 Chama kikampa cheti cha uadilifu, na aliyepiga vigelegele kuliko wote ukumbini ni Mama.

Mengine mnayajua, diski zikaja 1996, wanakili wa mitaani wakazimaliza, kiwanda kikafungwa 2004, Chama kikaendelea kutoa orodha ya mauzo ya albamu ambazo hakuna anayeziuza, marehemu akastaafu tarehe 31 Desemba 2009, na siku hizi orodha inahesabu wimbo umesikilizwa mara ngapi kwenye simu. Hilo nimeliona kwa macho, nilipokwenda kuomba kazi kwa promota mmoja, meza ndefu, simu arobaini zimelazwa chali kama wagonjwa, zote zinapiga wimbo mmoja kwa sauti sifuri, na hakuna sikio hata moja chumbani, wakaniambia I am overqualified.

Marehemu alianza kuugua figo Mei 2023, akalazwa tarehe 2 Julai 2024, wodi ya wanaume namba tatu, kitanda cha karibu na sinki, na wiki hiyohiyo akanituma nimletee daftari la mlinzi, alilokuwa amelificha tangu kiwanda kifungwe. Wiki sita tulikaa tukitoa yaliyorudi katika yaliyotoka, yeye akisoma, mimi nikiandika, nesi akituuliza kama tunafungua duka. Alitia sahihi tarehe 14 Agosti, akafariki tarehe 19 Agosti 2024, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano.

Sahihisho lenyewe, neno kwa neno, ni hili: "Mimi, karani wa orodha, nasahihisha. Mwaka 1986, albamu iliyotangazwa ya kwanza ilitoka ghalani masanduku mia nane kumi na mawili, yakarudi mia saba sabini na moja, yaliyouzwa ni arobaini na moja. Albamu ya dada yangu ilitoka masanduku mia tatu tisini na sita, yakarudi matatu, kwa kuwa yalilowa mvua. Nafasi ya kwanza, wiki zote kumi na tisa, ni yake. Nilijua."

Mwenyekiti, keti, lori limeshaondoka.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tatu, majirani mliotuazima viti na maturubai, dereva aliyekubali kukumbuka mbele za watu, na wafanyakazi wenzake wa zamani mliokuja kwa miguu, na Chama tunakishukuru kwa shada la maua, ambalo ni kubwa kuliko picha ya marehemu.

Mama, unalisikia hili leo kwa mara ya kwanza, pamoja na watu wote hawa, nami naomba radhi, lakini ndivyo alivyoagiza kaka yako, lisomwe siku ambayo hatalazimika kukutazama usoni, hata hilo alikwepa. Kwa hiyo kabla jeneza halijafungwa tutatoka nje sote, pamoja na viti vya mbele, tukuache naye, useme utakacho, kwa muda utakao.

Mjomba, pumzika kwa amani, Mama akikuruhusu.