Ukucha wa Dole Gumba

SHEMEJI: Haloo? Ni nani?

FUNDI: Haloo, shem. Ni mimi.

SHEMEJI: Mimi nani? Namba hii siijui.

FUNDI: Mimi fundi. Ndugu wa mkeo. Simu yangu si ilizama mtoni siku ile ya boti, natumia hii ya kibandani, ya kupimia laini. Inakwaruza kidogo.

SHEMEJI: Kumbe Samaki mwenyewe. Habari za huko?

FUNDI: Nzuri tu. Lakini hilo jina—

SHEMEJI: Ndilo lako sasa. Yule mwenzetu wa safari, Redio, ameshalitangaza kila kona. Juzi kaja kunitazama, hata hajakaa, anauliza Samaki yuko wapi.

FUNDI: Redio na mdomo wake. Bega linaendeleaje?

SHEMEJI: Limerudi mahali pake, ila bado limefungwa. Daktari kasema wiki sita nisikande unga. Mwoka mikate mzima nakaa kitini pale mlangoni natazama wenzangu wanavyoiunguza. Na wewe? Fundi wa simu, simu yako mwenyewe imekushinda?

FUNDI: Nimeifungua yote, nimeianika wiki nzima. Haitaki.

SHEMEJI: Na ule ukucha wako wa dole gumba, ulioufuga miaka yote wa kufungulia simu za watu? Dada yako anausema kila ukija kula.

FUNDI: Haupo. Umevunjika.

SHEMEJI: Lini?

FUNDI: Si siku hizi hizi. Nafungulia kipande cha plastiki.

SHEMEJI: Aa. Sawa. Ngoja nikuweke spika, mkono mmoja unachoka—

FUNDI: Usiweke spika.

SHEMEJI: Kwa nini?

FUNDI: Dada yuko wapi?

SHEMEJI: Nyuma, anaanua nguo. Kwani kuna nini? Haya, siweki. Na afadhali umepiga, nakutafuta tangu asubuhi. Una uzi hapo?

FUNDI: Uzi wa nini?

SHEMEJI: Uzi, waya, chochote. Zungusha kwenye mkono wa kushoto, pale pa kuvaa saa, halafu upime uniambie. Mama anataka kujua mkono wako mnene kiasi gani.

FUNDI: Mama yako?

SHEMEJI: Ilikuwa iwe siri. Kesho saa nne anafika hapa. Anakuletea saa.

FUNDI: Shem, saa gani?

SHEMEJI: Ya marehemu baba.

(Mikwaruzo ya mtandao.)

SHEMEJI: Haloo? Umepotea?

FUNDI: Nipo.

SHEMEJI: Kaitoa kwenye kitambaa alichoifungia tangu msiba, kaipeleka ikaoshwa, inatembea vizuri. Umebaki mkanda. Anasema mtu aliyemrudishia mwanawe wa pekee hawezi kumpa asante ya mdomo tu.

FUNDI: Lakini ile ni yako. Siku ya msiba ulinionyesha, ukasema—

SHEMEJI: Nilisema, ndiyo. Basi, mama kaamua. Umeupata uzi?

FUNDI: Mzuie.

SHEMEJI: Nimzuie mama? Wewe mama humjui.

FUNDI: Mwambie naumwa. Mwambie nimesafiri. Mimi nilipiga kusema tu kwamba kesho kwenye chakula siji, hii ya saa sikuwa naijua. Shem, nakuomba—

SHEMEJI: Hutakujaje na wewe ndiye mgeni rasmi? Shangazi kaalikwa, majirani wameshaambiwa. Unataka nimwambie nini mama yangu?

FUNDI: Mwambie sikukuokoa.

SHEMEJI: Mtandao unakata, sikusi—

FUNDI: Unanisikia, shem.

SHEMEJI: Nakusikia.

FUNDI: Sikukuokoa.

SHEMEJI: Tulitoka wote wawili. Yameisha hayo, acha kuyachimba.

FUNDI: Hayajaisha. Boti lilipopinduka pale kwenye maji makali, mahali Kapteni wa boti alipopaita Kinuni, wewe ulikuwa unaelea. Nilikuona. Jaketi limekubeba vizuri, umelala chali, miguu mbele, vilevile Kapteni alivyotufundisha asubuhi. Mimi ndiye—

SHEMEJI: Ulinipanda.

FUNDI: Kumbe unakumbuka.

SHEMEJI: Mtu akukalie kichwani ndani ya maji, utasahauje? Magoti yako yalikuwa hapa, masikioni. Nikiinuka unanisukuma, nikiinuka unanisukuma. Na bega ulilichomoa wewe, si mto.

FUNDI: Mbona hukusema?

SHEMEJI: Kwa nani? Niko pale kwenye mawe natapika, nainua kichwa, nakuta Redio kakubeba mgongoni na wote wanakuimba. Nikakutazama. Nikasema ngoja, atasema mwenyewe.

FUNDI: Nilitaka kusema.

SHEMEJI: Ulikuwa unacheka.

FUNDI: Nilikuwa natetemeka, shem.

SHEMEJI: Basi vyote viwili.

FUNDI: Nikajiambia tukifika kambini nitasema. Tumefika, wamewasha moto, wananipa mahali pazuri pa kukaa, blanketi kavu ni moja wananipa mimi. Wewe unaugulia hemani, mimi nimejifunika. Kila nikifungua mdomo mtu ananipiga begani. Wamenivisha kilemba cha ukoka nami nikakaa nacho kichwani mpaka leo.

SHEMEJI: Kambini nilingoja pia. Tulilala hema moja.

FUNDI: Najua.

SHEMEJI: Nikakusikia hulali. Nikasema sasa hivi ataniita. Mpaka kukakucha.

FUNDI: Nilidhani umelala.

SHEMEJI: Nani alale na bega lile?

(Mikwaruzo.)

FUNDI: Na ile fomu.

SHEMEJI: Fomu ipi?

FUNDI: Ya Kapteni, kabla hatujaingia majini. Unajua kuogelea, hujui. Wewe uliandika hujui, Redio akaangua kicheko mbele ya watu. Mimi kalamu iko mkononi, nikaandika najua. Kapteni akasoma, akasema haya, anayejua amshike asiyejua, wewe ndiye utakayemwangalia huyu. Akatukalisha pamoja mbele.

SHEMEJI: Kwa hiyo hujui kabisa?

FUNDI: Hata kidogo.

SHEMEJI: Na mimi nilivyokuwa natamba. Nikawaambia, mimi nimekaa na shemeji yangu, sina wasiwasi.

FUNDI: Usiseme hivyo, tafadhali.

SHEMEJI: Ndivyo nilivyosema. (anashusha pumzi) Sikiliza. Hofu ni hofu. Hata mimi ningekupanda, nani ajuaye? Nimelifikiria sana hapa kitini, kazi sina. Nikasema, haya, alinipanda kwa woga, lakini kamba walipoturushia aliniburuta mpaka ukingoni. Kwa hiyo mwisho alinivuta. Kwa hilo nikakusamehe. Na saa uichukue, potelea mbali—

FUNDI: Shem, subiri.

SHEMEJI: Wewe subiri. Namwambia mama ilikuwa hivi na hivi, kasoro ule mwanzo. Tunaacha ule mwanzo tu. Nani atakufa?

FUNDI: Hata huo mwisho si hivyo.

SHEMEJI: Una maana gani?

FUNDI: Kamba ilinifikia mimi, nikaidaka. Wewe ulikuwa umeshika mkanda wa jaketi langu, huku nyuma, kwa mkono ule mzima.

SHEMEJI: Nilikung'ang'ania kama kupe. Na ulikuwa unapiga miguu, nilisikia. Unapiga maji tufike.

FUNDI: Aliyekuwa anavuta ni Kapteni na wenzake.

SHEMEJI: Lakini miguu ulikuwa unapiga.

FUNDI: Nilikuwa nakupiga wewe.

(Kimya.)

FUNDI: Nilikuwa nakupiga mateke uniachie. Niliona kamba itakatika, au watashindwa kutuvuta wawili. Sijui niliona nini. Nilitaka uniachie tu. Shem? Haloo?

SHEMEJI: Nipo.

FUNDI: Hili sikuwa na jinsi ya kulisema.

SHEMEJI: Mara ngapi?

FUNDI: Sikumbuki. Mpaka tulipogusa mawe.

SHEMEJI: Daktari aliniuliza hizi alama za mbavuni. Nikamwambia ni mawe. Nilikuwa nakuombea, unajua? Mle majini. Nasema Mungu mpe nguvu shemeji yangu, apige miguu tufike.

FUNDI: Nisamehe.

SHEMEJI: Ngoja kwanza.

FUNDI: Shem, nisamehe. Sina uso. Hata hapa kibandani wateja wakinisifu nainama chini ya meza, najifanya natafuta skrubu—

SHEMEJI: Nimesema ngoja. Siwezi sasa hivi.

DADA: (kwa mbali) Unaongea na nani?

SHEMEJI: Mteja. Wa mikate.

DADA: (kwa mbali) Mteja wa mikate ndiye anayekutoa machozi? Hebu lete simu.

SHEMEJI: Mke wangu, acha, tunamali—

(Vishindo. Simu inabadili mkono.)

DADA: Haloo.

FUNDI: Shikamoo, dada.

DADA: Marahaba. Umemwambia?

FUNDI: Kumwambia nini?

DADA: Usinizungushe. Hicho ulichokuja kukimeza hapa Jumatatu, ukaacha chai hujaigusa, ukaondoka bila kuaga.

FUNDI: Nimemwambia. Yote.

DADA: Afadhali.

FUNDI: Kumbe na wewe ulijua?

DADA: Tumekua nyumba moja. Watoto wote wakiingia mtoni, wewe ulikuwa unakalia nguo zao zisiibiwe. Mpaka ndevu zimekuota, kazi yako ni hiyo hiyo, kulinda nguo. Jumamosi Redio ananipigia simu eti ndugu yako kamwokoa mumeo majini. Nikasema labda kajifunza ukubwani, nikajilazimisha kuamini. Jumapili wamemleta, namwogesha, nageuza shingo yake, hapa chini ya sikio nakuta kidonda.

FUNDI: Dada—

DADA: Kimoja. Kimejikunja, kirefu, kimeingia ndani. Namuuliza, ananiambia jiwe. Jiwe gani lina ukucha mmoja?

(Mikwaruzo.)

DADA: Nikanyamaza. Unajua kwa nini? Si kwa ajili yako. Kwa aibu yangu. Mimi nimeolewa humu. Kila jioni mama mkwe ananipigia simu kunishukuru, mimi, kwa kuzaliwa tumbo moja na wewe. Ananiambia ukoo wenu una watu. Na mimi naitikia, asante mama, asante mama. Wiki nzima.

FUNDI: Mtu mwingine angenitema.

DADA: Nimefikiria hilo pia.

FUNDI: Mwambieni asije na saa. Au semeni nimesafiri. Nitarudi mambo yakipoa.

DADA: Aaa, hapana. Hapo umekosea mlango. Mume wangu amekufunika wiki nzima na bega limening'inia. Mimi nimekufunika. Sasa na mama mkwe naye tumdanganye kwa niaba yako?

FUNDI: Nifanye nini, dada?

(Mlio mfupi wa simu.)

DADA: Ni nini hicho?

FUNDI: Salio. Linakwisha, niliweka kidogo tu.

DADA: Basi nisikilize vizuri. Mama anafika saa nne. Wewe uwe hapa saa tatu. Utakaa naye wewe na yeye, kabla majirani hawajaja, kabla hajaitoa ile saa. Utamwambia kwa mdomo wako. Mimi nitakuwa jikoni, sitakusaidia neno.

FUNDI: Akinifukuza?

DADA: Utafukuzwa. Utarudi Jumapili nyingine, utafukuzwa tena, utarudi.

FUNDI: Na shemeji? Amesema nini?

DADA: Hajasema. Kanigeuzia mgongo, anatazama ukuta.

FUNDI: Nimpe siku ngapi?

DADA: Mimi nitajuaje? Mpe. (Mlio.) Saa tatu, umesikia?

FUNDI: Nimesikia. Nitakuja.

DADA: Na jambo moja. Mama atakupokea kwa mikono miwili, ndivyo alivyo, atakushika mikono kabla hujasema lolote. Ukucha huo usije nao. Ukate kabla hujamgusa.

FUNDI: Nimeshaukata, dada. Tangu Jumamosi ile ile, palepale kambini, kwa meno. Nilimwambia shemeji umevunjika, nimemdanganya tena, haukuvunjika. Niliuona kwenye mwanga wa moto, una damu ya— Haloo? Dada, unanisikia? Haloo?