Tobia Mika Mgaya, Aliyetueleza Nyimbo Zinasema Nini

Baba Mchungaji, Mzee wetu Rajabu Shemhina na ndugu zetu wote wa upande wa Zakia, wafanyabiashara wa stendi ya Lushoto, wageni mliotoka Bumbuli na Mlalo, wakubwa zangu shikamooni, na wote kwa pamoja poleni na msiba. Mimi naitwa Justin Mika Mgaya, mdogo wa marehemu, mwalimu wa shule ya msingi kule Mazinde, na familia imeniagiza nisome historia hii kwa utulivu, jambo ambalo tangu Jumapili limenishinda, kwa hiyo mkiniona nahamisha karatasi mkono huu na mkono ule, mnivumilie.

Marehemu Tobia Mika Mgaya alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika hospitali ya misheni Bumbuli, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watatu wa marehemu Mzee Mika Mgaya, aliyekuja Usambara kutoka Njombe mwaka 1948 kwa mkataba wa kuchuma chai, na marehemu mama yetu Raheli. Mama alikuwa akisema kwamba Tobia alianza kutembea akiwa na miezi tisa na hakuona sababu ya kuacha. Alisoma shule ya msingi ya mashambani kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, kisha sekondari mjini Tanga, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1969, na vyeti vyake vinaonyesha kwamba somo alilolipenda lilikuwa Kiingereza na tabia aliyokemewa kila muhula ilikuwa kutotulia darasani.

Mwaka 1970 aliajiriwa kuwa karani wa mizani katika shamba la chai karibu na Bumbuli, mwaka 1973 akaacha akaenda mashamba ya mkonge kule Mazinde, mwaka 1976 akarudi chai, mwaka 1977 akajaribu kazi ya ghala Mombo kwa miezi minne, akarudi tena chai, na kila alipohama begi lake lilikuwa dogo kuliko redio yake. Vijana mliopo hapa pengine hamjui kwamba miaka ile redio yetu haikuwa na nafasi kubwa kwa nyimbo za Kizungu, lakini ukipanda juu ya mlima na redio yenye mawe mapya, yaani betri, idhaa ya Kiingereza ya Kenya ilisikika kama iko jirani. Basi kila Jumapili baada ya ibada kaka yangu alipanda kilele kilichokuwa nyuma ya kambi ya wafanyakazi, na mimi nilimfuata mara nyingi, tukakaa kwenye nyasi tukisikiliza kipindi cha salamu. Zilikuwa nyimbo zile za taratibu ambazo kwenye disko za baadaye tuliziita mablusi, zenye magitaa laini, kinanda cha umeme, saksafoni inayoingia katikati, na wanaume wanaoimba kwa sauti nyembamba kama watu wanaoomba radhi mlangoni. Alikuwa na daftari, akiandika maneno anavyoyasikia, na pale asiposikia aliacha nafasi.

Nafasi zile alisaidiwa kuzijaza na Sista Klara, muuguzi Mjerumani wa misheni, ambaye kuanzia mwaka 1976 alimkaribisha Jumamosi mchana kusikiliza santuri zake barazani, na alipomaliza utumishi wake akarudi kwao mwaka 1979 alimwachia kaka gramafoni na santuri ishirini na mbili. Miaka iliyofuata mnaikumbuka wenyewe, sabuni ilikuwa ya kupanga foleni na betri hazikuonekana, na Tobia alizifuta santuri zile vumbi kila wiki bila kuweza kuzipiga, akizunguka chumbani mle hadi baba akamwomba akazungukie nje.

Mwaka 1983, akiwa amekuja sokoni Lushoto siku ambayo muuza redio mmoja alikuwa akijaribu spika zake, alisimama kusikiliza wimbo mmojawapo wa zile, na binti aliyekuwa akiuza kabichi na pilipili hoho jirani na hapo akamwuliza, "Huo wimbo unasema nini?" Tobia aliniambia baadaye kwamba katika miaka kumi na mitatu ya kupenda nyimbo zile hakuna mtu aliyewahi kumwuliza swali hilo, na kwamba alianza kujibu akagundua kuwa ubeti wa pili haujui vizuri, akamwomba binti yule ampe siku saba. Alirudi baada ya siku saba. Binti yule alikuwa Zakia Rajabu, mjane aliyeketi mbele yenu.

Familia zote mbili hazikufurahi, na leo sitapita juu ya jambo hilo haraka haraka kama tulivyokubaliana jana, kwa sababu Mzee Rajabu mwenyewe asubuhi ya leo ameniambia nilisome lote. Baba yetu alisema mtoto wa Kilutheri hawezi kuoa nje ya kanisa, Mzee Rajabu akasema hana binti wa kumpa mtu asiyeswali na asiyekaa kazi moja miaka miwili, na tarehe 9 Agosti 1984 Tobia na Zakia walifunga ndoa ya serikali hapa bomani Lushoto, mashahidi wakiwa mimi na shoga yake Zakia aitwaye Hadija, bila mzazi yeyote chumbani. Walijaliwa watoto wawili, Ilham aliyezaliwa mwaka 1985, na Lucian aliyezaliwa mwaka 1988, majina yakitolewa kwa zamu, moja kwa mama na moja kwa baba. Kwa miaka kumi na mitatu Mzee Rajabu aliwapokea wajukuu zake kila sikukuu, lakini mlango wa nyumba ya mkwe wake hakuukanyaga.

Ilipofika kipindi cha ruksa, bidhaa zilipoanza kuingia na kanda tupu kupatikana kila duka, kaka yangu alijua saa yake imefika. Mwaka 1986 alinunua deki ya kanda mbili, akafungua kibanda karibu na stendi, akaandika kwa mkono wake TOBIA REKODING, na shamba lilipopunguza wafanyakazi mwaka 1989 yeye alikuwa ameshaondoka mwenyewe. Watu walileta orodha, naye akawarekodia nyimbo za taratibu upande A na upande B, lakini alikuwa na sharti lililowachosha wengi, kwamba hakuna aliyeondoka na kanda kabla hajaelezwa kila wimbo unasema nini. Alifungua daftari, wakati huo yakiwa yamefika manne, akasoma kwa Kiswahili, akitembea huku na huku ndani ya kibanda kisichotosha hatua tatu.

Bwana Elinuru na mkewe Jenoveva wa Mlalo, ambao nawaona pale nyuma, wameniruhusu niseme habari yao. Oktoba 1991 kamati ya harusi yao ilimpelekea marehemu wimbo uliopendwa sana na bwana harusi, upigwe wakati maharusi wanaingia ukumbini. Tobia akawaambia ule ni wimbo wa mwanamume anayefunga sanduku na kumwambia mwanamke asimsubiri. Mwenyekiti wa kamati akauliza ni nani ukumbini anajua Kiingereza, na kaka yangu akamjibu, "Leo hakuna. Lakini bibi harusi ataishi na wimbo huu miaka mingi, na siku moja atajua." Akakataa kuurekodi. Walikwenda kuurekodi kwingine, maharusi wakaingia nao, watu wakapiga vigelegele, na mwaka mmoja baadaye Jenoveva alikuja kibandani na kanda ile mkononi akaomba aelezwe. Alisomewa neno kwa neno, akacheka mpaka akaketi chini, na nimeambiwa kwamba hadi leo Elinuru akichelewa kurudi kutoka sokoni humkuta mkewe jikoni akiuimba.

Ndugu waombolezaji, kazi ile ilikwenda vizuri, na palipokwenda vizuri ndipo kaka yangu alipoanza kuangalia barabara. Kanda zilizokwisha kurekodiwa zilianza kuja kwa makatoni kutoka Dar es Salaam, vijana walitaka muziki wa haraka, na tukasikia kwamba huko sasa kuna redio za watu binafsi. Alimwambia Zakia wahame wote. Zakia akasema yeye alishahama mara moja, siku ile ya bomani, na hahami tena. Mimi ndiye niliyemwambia Tobia aende peke yake, mimi ndiye niliyeandika barua ya kumtambulisha kwa rafiki yangu niliyesoma naye chuo, na tangu Jumapili najiuliza kama nilimshauri kaka yangu au nilichoka tu kumwona akizunguka.

Aliondoka tarehe 6 Januari 1995. Alipewa kazi ya kutunza kanda katika kituo kimoja cha redio, na mara mbili tu alikaribishwa mbele ya kipaza sauti, katika kipindi cha nyimbo za zamani, na mara zote mbili aliwaeleza wasikilizaji kwa Kiswahili maana ya wimbo kabla ya kuupiga. Mkuu wake akamwambia kwamba watu hawataki maana, wanataka wimbo. Alibaki huko miezi sita zaidi, akihama vyumba vitatu, barua zake kwa mkewe zikipungua, na tarehe 2 Oktoba 1995 akashuka kwenye basi hapa stendi bila kumwarifu mtu.

Alikikuta kibanda kiko wazi na watu wamepanga foleni. Zakia, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha darasa la saba, alikuwa ameshika daftari la tatu akimsomea mteja, na pembeni mwa maandishi ya mumewe alikuwa ameongeza ya kwake kwa penseli. Pale Tobia alipotafsiri kwamba mwimbaji anaahidi kupenda milele, Zakia ameandika chini yake kwamba anasema hivyo lakini tayari yuko njiani. Mteja alipoondoka, Tobia akasema kwamba maneno hayo hayamo kwenye wimbo. Zakia akamjibu, "Yamo. Mimi najua wanavyoongea wakiwa wanaondoka." Kaka yangu akaweka begi chini ya meza, na kuanzia siku hiyo waliendesha kibanda wawili, ingawa watu wa stendi wanajua kwamba kila basi la saa nne lilipowasha injini alitoka nje kulitazama.

Tarehe 17 Novemba 1997, katika mvua zile kubwa, alianguka kibandani akapelekwa hospitali ya Bumbuli, ikagundulika amepata kiharusi, mkono na mguu wa kulia vimelegea, na kauli imekatika kabisa. Alielewa yote aliyoambiwa, lakini akifungua mdomo halikutoka neno, na macho yake yalikuwa yakitafuta mlango saa zote. Tarehe 3 Desemba redio ya wodini ilipiga wimbo mmoja wa miaka ya sabini, na mtu ambaye hakuweza kutaja jina la mke wake akauimba ubeti mzima kwa Kiingereza, bila kukwama. Daktari Paskali alitueleza kwamba kuimba na kusema havikai mahali pamoja kichwani, na kwamba hili hutokea. Zakia hakungoja maelezo yaishe, alimtuma Ilham nyumbani kuleta madaftari.

Hivyo ndivyo walivyozungumza karibu miezi saba. Yeye aliimba mstari, mkewe akautafuta ukurasa, akajua kama anataka maji, au anataka kurudi nyumbani, au amechoshwa na wageni. Siku moja, nikiwepo, aliimba mstari ambao Zakia aliutafuta muda mrefu, akaukuta katika daftari la kwanza kabisa, mwanamume anaomba asamehewe kwa kwenda mbali. Alirudia kuuimba mara tatu. Zakia akafunga daftari akasema, "Nimesikia, baba Ilham."

Tarehe 10 Desemba Mzee Rajabu alifika wodini, mara yake ya kwanza kukaa chumba kimoja na mkwe wake. Tobia alipomwona alijiinua kwa mkono wa kushoto ili amwamkie, akaanza, ikatoka sh, akaanza tena, ikatoka sh, jasho likimtoka, na wimbo wenye neno shikamoo hakuwa nao. Mzee akamshika bega akamjibu, "Marahaba, mwanangu," kabla hajamaliza. Baadaye, tulipomrudisha nyumbani, mlango ule mzee aliukanyaga kila Ijumaa.

Kuanzia Februari mwaka huu alipata nguvu ya kutembea kwa fimbo, akawa anatoka kila siku asubuhi na alasiri, kupanda na kushuka barabara ya stendi, mkewe nyuma yake kwa hatua chache asije akaanguka, na hakuna aliyeweza kumzuia. Alhamisi iliyopita, tarehe 18 Juni, Zakia aliamka miguu imevimba, akamwambia, "Leo nenda, mimi nimechoka, nakaa." Tobia alifika mlangoni, akasimama na fimbo yake muda mrefu, kisha akageuka akaja kuketi kando yake kwenye benchi, na hakutoka siku hiyo, wala Ijumaa, wala Jumamosi. Jumapili tarehe 21 Juni 1998, saa tisa alasiri, moyo wake ulisimama akiwa ameketi hapo hapo. Ameacha mjane, watoto wawili, na ndugu wawili.

Familia inamshukuru Daktari Paskali na wauguzi wote wa Bumbuli, viongozi wa kanisa na wa msikiti walioketi meza moja kupanga mazishi haya, majirani ambao hawajarudi makwao tangu Jumapili, na kwa namna ya pekee wale wachuma chai kumi na moja, ambao majina yao hatuyajui hata leo, waliokuta gari letu limezuiwa na maporomoko siku ile ya Novemba, wakamtoa marehemu, wakambeba begani juu ya tope hadi upande wa pili, na kurudi kazini kabla hatujawauliza wanatoka wapi. Kama mmoja wenu yupo hapa, tunaomba ujitokeze, Zakia angependa kukushika mkono.

Kaka Tobia, hakuna basi linalokungoja. Pumzika.