Kamba ya Omondi Katika Ghuba ya Doha

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa kampuni yetu. Msimamizi wetu Wayne. Wageni wote mliopanda jahazi hili, hamjambo.

KARIBU
Karibuni mkae. Viti hivyo vya vitambaa vyeupe vililetwa kwa ajili yenu. Sisi hukalia mapipa, na leo tutasimama.

HISTORIA
Kabla ya maghorofa yale, wanaume waliondoka kwenye ghuba hii kwenda kutafuta lulu. Mzamiaji alibana pua, akafunga jiwe mguuni, akashuka. Juu alibaki mwenzake wa kushika kamba ya kumvutia, na macho yake hayakutoka kwenye kamba hiyo. Walisimulia pia habari za Bu Darya, jini wa baharini anayelia kama mtu anayezama ili awanase waokoaji. Wayne huwasimulia watalii hadithi hiyo, akiitia chumvi.

MAFANIKIO
Wayne alituagiza tuseme onyesho letu la kuzamia lulu limefana. Limefana kweli. Mwezi Machi alishuka Omondi, mlinzi aliyegeuzwa mzamiaji kwa sababu tu amezaliwa kando ya ziwa. Joram alishika kamba. Wayne akamwita Joram akapige picha na watalii.

"Ifunge hapo. Itaenda wapi?"

Kerubo, mwenzetu wa kuandaa gahwa, kahawa ya Kiarabu, alikuwa akipita na sinia. Akaona kamba inatikisika, inatulia, inatikisika tena kwa nguvu.

"Wayne, Omondi anaita!"

"Huyo ni Bu Darya, mama. Peleka gahwa."

Watalii wakacheka. Kerubo aliona haya, akapiga hatua moja kuelekea mezani. Kisha akakumbuka kwamba Omondi hana mzaha kazini. Akaliachia sinia, vikombe vikapasuka, akavuta hadi viganja vikachubuka. Joram akaja mbio kumsaidia. Omondi alitoka jiwe bado limemnasa mguuni, damu ikimchuruzika sikioni. Watalii wakapiga makofi, wakidhani ndivyo onyesho lilivyopangwa.

CHANGAMOTO
Kerubo alipewa onyo kwa kuvunja vikombe. Omondi hasikii tena kwa sikio la kushoto. Amepelekwa kulinda geti Industrial Area ya hapa Doha, na Ijumaa, siku ya mapumziko huku, kanisani Mesaimeer hugeuza kichwa ili amsikie mhubiri. Wayne alipandishwa cheo. Hongera, Wayne.

MAOMBI
Tunaomba Omondi atibiwe. Tunaomba onyo la Kerubo lifutwe.

Ratiba inasema sasa mtatazama mbizi. Mgeni rasmi, hakuna kati yetu atakayezamia. Jana Wayne alituambia, "Atakayekataa atapanda ndege arudi kwao."

Kerubo akamjibu, "Basi vaa wewe. Mimi nitakushikia kamba."

Nasi sote tuko pamoja na Kerubo. Nguo za kuzamia zimeanikwa pale, zimekauka.

Mungu akulinde, mgeni rasmi, na siku ukiwa chini akupe mtu asiyeitwa kupiga picha.

Ni sisi, wafanyakazi wa Onyesho la Lulu, Doha, 2014.
Imesomwa na Loice kwa niaba ya wenzake.