Mzee Kyalo Aliyemfungia Binti Yake Geti

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Aliye na sufuria jikoni apunguze moto, maana sitaki kusikia kesho eti mboga zimeungua kwa sababu yangu mimi Nasike, mtangazaji wenu. Leo tunamkumbuka Mzee Kyalo wa Kaloleni. Alikuwa bawabu. Miaka thelathini na mmoja alilinda geti la kiwanda cha sabuni kule Industrial Area, na hakuna aliyepita bila kuandika jina. Siku moja mwenye kiwanda mwenyewe alisahau kitambulisho nyumbani. Mzee akamrudisha akakilete.

Alistaafu yeye, tabia haikustaafu. Siku watu wa Mbotela walipokuja kuposa binti yake wa pekee, Mwelu, walikuta meza mlangoni. Juu ya meza, kitabu cha wageni. Jina, nambari ya kitambulisho, saa ya kuingia, sababu ya ziara. Mama Lydiah, mamake bwana harusi, ni mjane mwenye sauti ya kuongoza kwaya bila kipaza sauti. Kwenye sababu ya ziara aliandika, "Kuoa." Kisha akaitupa kalamu. Tangu hapo wakwe hawa wawili walikuwa paka na panya.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mwelu alikuwa na ugonjwa wa moyo. Narudia, wapendwa, ugonjwa wa moyo. Akiwa mdogo aliugua koo mara kwa mara, homa ikaingia, na homa ile ikaacha vali moja ya moyo wake, kile kilango cha kupitishia damu, imekakamaa. Haikufunguka sawasawa. Daktari alipomweleza babake, mzee alitikisa kichwa polepole.

"Nimeelewa, daktari. Ni geti limeshika kutu."

Miaka saba iliyopita Mwelu akapata mimba. Kliniki wakaenda wote: Mwelu, mumewe Wachira, Mama Lydiah na Mzee Kyalo. Daktari akasema, "Uchungu wenyewe ni kazi nzito kwa moyo huu. Lakini hatari kubwa zaidi inakuja mtoto akishatoka. Damu inarudi kwenye moyo kwa wingi, na moyo unaweza kulemewa. Azalie penye daktari wa moyo, damu ya akiba na chumba cha wagonjwa mahututi." Maana yake, hospitali kuu ya rufaa.

Wote walisikia. Kila mmoja akasikia chake.

Mama Lydiah alisikia neno "azalie" peke yake. Alikuwa na kituo cha uzazi alichokipenda hapo Mbotela, jina naliweka kapuni. Vigae vinang'aa, mapazia ya zambarau, na mama akijifungua anapewa uji wa wimbi na supu ya kuku. "Huko kwenu rufaa wanalala wawili kitanda kimoja," akasema. "Mke wa mwanangu si omena wa kuanikwa pamoja!"

Wachira, maskini, alibanwa kati ya mama na baba mkwe. Akaamua kutokuwa na maoni. Akanunua nepi.

Na Mwelu je? Mwelu hakuulizwa. Watu walikuwa na shughuli nyingi mno za kumwamulia.

Basi Mzee Kyalo akachukua kigoda chake akaenda kuketi mbele ya kile kituo cha mapazia ya zambarau. "Ukitaka kukijua kiwanda," alikuwa akisema, "usiulize ofisini. Uliza getini." Akajuana na soja wa geti la pale, kijana anaitwa Okumu. Wakaanza kucheza drafti.

"Mzee, sikudanganyi," Okumu akamwambia. "Kwa mama mwenye afya, hapa ni poa kabisa. Mambo yakizidi, tunaita ambulensi."

"Nayo inampeleka wapi?"

"Si kule kubwa, rufaa."

Mzee akasogeza kete. Kesho yake akahamisha kigoda hadi nje ya hospitali ya rufaa. Siku tatu akatazama ambulensi zikiingia. Hakuona hata moja ikitoka na mgonjwa kumtafutia msaada kwingine. Hapo akatosheka. Akapiga hodi kwa Mama Lydiah na kutoa ripoti yake, amesimama wima kama anayekabidhi zamu.

"Mzee," Mama Lydiah akamjibu, "wewe ni bawabu. Wewe si daktari."

"Ni kweli, Mama Wachira. Lakini daktari alisema hayohayo, na yeye pia hukumsikiliza."

Wiki hiyo hawakusalimiana.

Ikafika Jumanne moja, saa nne asubuhi. Mzee alikuwa Mbotela kwa Okumu, maana drafti ilikuwa imeshamwingia damuni. Okumu akashikwa na njaa. "Mzee, nishikie geti dakika kumi nikale githeri." Mzee akasimama, akavuta shati, akashika komeo. Jamani, mtu aliyestaafu miaka minne! Alijihisi kama amerudishiwa cheo.

Dakika ya tano, teksi ikasimama. Honi. Ndani, Wachira amekumbatia begi la nepi, Mwelu ameshika tumbo, na Mama Lydiah kichwa dirishani. Uchungu ulikuwa umeanza.

"Fungua!"

Mzee akainama, akachungulia ndani. "Sifungui."

"Baba Mwelu! Nani amekuajiri hapa?"

"Niko zamu."

"Nitashuka nikufungue wewe na hilo geti!"

"Mathe, tunaingia ama hatuingii?" dereva akauliza.

Mzee Kyalo akazunguka upande wa binti yake. Akamwuliza, "Mwelu mama, wewe unataka kuzalia wapi?"

Swali hilo, wasikilizaji wapendwa, lilikuwa limesubiri miezi tisa.

Mwelu akavuta pumzi. "Baba, hapa ni pazuri. Lakini mimi sitaki pazuri. Nataka kurudi nyumbani na mtoto wangu. Nipelekeni kwa daktari wa moyo."

Mama Lydiah akamtazama yule msichana kama ndiyo mara ya kwanza wanakutana. Kisha akamgeukia dereva kwa sauti ile ya kwaya. "Wewe! Hujasikia mgonjwa amesema nini? Unangoja tuimbe?"

Teksi ikageuka, ikaenda. Na Mzee Kyalo? Akabaki! Angeachaje geti la watu bila mlinzi? Akaita, "Okumu! Okumu!" mpaka sauti ikakauka. Okumu alipotokea, githeri bado mdomoni, mzee alikuwa ameshapanda bodaboda, kigoda mapajani.

Kule rufaa, soja akamzuia. Saa za kuona wagonjwa zimepita. Mzee hakubishana hata kidogo. "Kijana anajua kazi," alisema. Akasimama nje saa tano nzima.

Ndani, mtoto wa kiume alizaliwa saa saba mchana. Akalia vizuri. Mama Lydiah akapiga vigelegele. Hata nusu saa haikupita, Mwelu akaanza kukosa pumzi. Mapafu yalikuwa yanajaa maji. Ni yale yale daktari aliyosema: hatari kubwa inakuja mtoto akishatoka. Lakini daktari wa moyo alikuwa palepale kitandani, alikuwa naye tangu alipofika. Oksijeni, dawa, chumba cha mahututi mlango wa pili. Mama Lydiah aliyaona yote akiwa ameegemea ukuta, na hakuimba tena.

Jioni akatoka hadi getini. "Baba Mwelu," akasema. "Wako hai. Wote wawili." Mzee akakaa chini pale pale kwenye lami na kulia, mzee wa watu.

Madaktari walimwambia Mwelu asizae tena. Kwa desturi ya kina Wachira, mvulana wa kwanza huitwa jina la babu wa upande wa baba, yaani marehemu mumewe Mama Lydiah. Kila mtu alijua hivyo. Mama Lydiah akambeba mtoto, akasema, "Mume wangu atanielewa. Huyu ni Kyalo."

Mzee Kyalo alitutoka mwezi huu usingizini, akiwa na miaka sabini na mmoja. Mwelu, Wachira, Mama Lydiah, poleni sana. Tunalia nanyi. Nanyi mnaonisikiliza, kama kuna mjamzito nyumbani mwenye moyo mgonjwa, msikilizeni daktari. Mkishamsikiliza daktari, mwulizeni na mwenye mimba.

Nilikuwa kwenye mazishi kule Mwala. Mchungaji alikuwa amewaka moto, akipiga Biblia kwa kiganja. "Kyalo yuko wapi leo? Nauliza, ndugu zangu, Kyalo yuko wapi?"

Kwenye mapaja ya Mama Lydiah, mtoto wa miaka sita akainua mkono.

"Niko hapa!"